Siku kumi na barua za mhariri: Kraków, Niepokalanów na kurudi

Siku ya 1, Jumanne. Kraków

Nimefika saa nane mchana. Miguu imevimba, na koti nililoazima kwa wifi yangu halifui dafu mbele ya baridi hii ya Oktoba. Mkoba wa mkononi umenielemea kuliko begi, maana ndani yake nina juzuu ya kwanza ya maandiko ya Mtakatifu Maximilian Kolbe kwa tafsiri ya Kiingereza, na juzuu hiyo ni barua tupu, zaidi ya mia tisa. Mpwa wangu alinishauri niziweke kwenye simu. Nilikataa. Kitabu hiki kimejaa mistari yangu ya penseli na vikaratasi, na kila kikaratasi ni mahali ninapotaka kufika kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwetu Kolbe anajulikana kwa kifo chake: padre aliyejitolea kule Auschwitz, kambi ya mateso ya Wajerumani, afe badala ya baba mwenye mke na watoto. Nami nilimjua hivyo hivyo. Nimekulia Tengeru, jirani na makaburi ya Wapolandi waliokimbizwa na vita, watu karibu 5,000 waliowekwa pale chini ya Mlima Meru kuanzia 1942, na katekista wetu alipenda kutusimulia habari za padre huyo kila tulipopita kwenye misalaba ile. Nilipokabidhiwa jarida la parokia ndipo nilipojua kwamba kabla ya kifo kile alikuwa mhariri. Karibu miaka ishirini alihangaika na bei ya karatasi, mashine chakavu, wakubwa wenye mashaka na wasomaji wenye kuandika. Nilipozifungua barua zake nilimkuta mtu anayeijua kazi ninayoifanya mimi, usiku ninaoufanyia.

Katikati ya kitabu nimebana bahasha yenye barua saba za wasomaji wetu ambazo sijazijibu. Ya zamani kuliko zote ni ya Machi. Nimejiapiza nisirudi nazo.

Siku ya 2, Jumatano. Kraków

Asubuhi yote nimekuwa kanisa la Wafransiskani, mtaa wa Franciszkańska. Ndani mna giza la kutuliza. Dirisha kubwa juu ya lango ni la Stanisław Wyspiański: Mungu Baba anaumba ulimwengu, mkono mmoja ameunyosha, rangi zinawaka kama makaa. Watalii wanapiga picha za dirisha hilo na kuondoka. Mimi nilikwenda pembeni, kwenye kikanisa cha Mama wa Mateso, nikapiga magoti.

Kolbe aliletwa konventi hii, nyumba ya watawa wa Kifransiskani, mwaka 1919, akitoka Roma na udaktari wa falsafa, udaktari wa teolojia na kifua kikuu. Huko Roma, tarehe 16 Oktoba 1917, yeye na wenzake sita walikuwa wameanzisha chama walichokiita Jeshi la Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Alipofika Polandi watu walianza kujiunga, na waliojiunga walihitaji kuunganishwa. Hapo ndipo lilipozaliwa jarida, Rycerz Niepokalanej, yaani Askari wa Mkingiwa. Toleo la kwanza lilitoka Januari 1922, nakala 5,000, bila hata jalada la maana.

Wakubwa wake walimruhusu kwa sharti moja: asiguse hela ya shirika. Basi padre mwenye digrii mbili za udaktari akawa anazunguka mjini akiomba michango mlango kwa mlango. Inasimuliwa kwamba aliingia duka moja akiwa amejiandaa kuomba, sauti ikagoma, akanunua kitu kidogo na kutoka. Katika toleo lile la kwanza aliwaambia wasomaji waziwazi kwamba kwa kukosa fedha hawezi kuwaahidi jarida litatoka kwa wakati. Nimelisoma tangazo hilo mara nyingi. Sijawahi kuona mhariri mwingine aliyeanza kwa kusema ukweli wa namna hiyo.

Kisha bei zikapanda. Polandi ya miaka ile hela ilikuwa inayeyuka, na gharama ya kuchapa ikamshinda. Wafransiskani wanasimulia kwamba baada ya Misa aliona bahasha juu ya altare ya Mama wa Mateso, imeandikwa kwamba ni ya Mama Mkingiwa, na ndani mna fedha sawasawa na deni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya altare hiyo hiyo. Nilikumbuka mwaka ambao mwenye kiwanda cha uchapaji mjini kwetu alipandisha bei wakati kurasa zimekwisha kupangwa, nami nikalipa kwa hela niliyoiweka kwa ajili ya mbolea. Mahindi mwaka huo yalitoka membamba. Jarida lilitoka.

Jioni nimejibu barua ya kwanza, ya mzee wa Kikwe anayeuliza kwa nini tuliondoa ukurasa wa nyimbo.

Siku ya 3, Alhamisi. Zakopane na kurudi

Basi, saa mbili na nusu kupanda, milima ya Tatra ina theluji kichwani. Hapa Kolbe aliletwa mara mbili kutibiwa mapafu, kwanza 1920 hadi 1921, halafu tena 1926 hadi 1927. Hewa ni safi hadi inauma puani.

Safari ile ya pili ndiyo iliyonileta. Jarida lilikuwa limeanza kusimama, nakala makumi ya maelfu, na hapo hapo mhariri akarudiwa na ugonjwa wa kifua, akapelekwa mlimani, akaagizwa asijishughulishe na kazi hiyo. Jarida lilibaki mikononi mwa mdogo wake wa tumbo moja, Padre Alfons. Barua za Zakopane ni za kaka kwa mdogo wake. Unamwona anajizuia. Alfons amelemewa, anataka kuelekezwa, na mkubwa anamrudisha kwenye utii: sikiliza wakubwa wako, Mama Mkingiwa anajua kazi yake. Mtu aliyeomba senti moja moja ili jarida litoke amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, anatazama theluji, na haligusi. Nadhani huo ndio uhariri mgumu kuliko wote aliowahi kuufanya.

Nimekunywa chai ya moto kwenye kituo cha basi. Mama aliyeniuzia alinitazama kiatu, akaenda nyuma, akaniletea soksi za sufu, akakataa hela.

Siku ya 4, Ijumaa. Njiani, Pabianice

Treni ilichelewa, nikakosa ya kuunganisha Łódź, nikasubiri kwenye benchi hadi vidole vikafa ganzi. Pabianice nimefika jua likizama.

Ni mji wa wafumaji. Baba yake na mama yake Kolbe, Juliusz na Maria, walikuwa wafumaji, baadaye mama akawa na kiduka na kuzalisha akina mama. Katika kanisa la Mtakatifu Mathayo nilionyeshwa mahali ambapo mtoto Rajmund, kabla hajaitwa Maximilian, alisali na kumwona Mama Maria akimwonyesha mataji mawili, jeupe la usafi wa moyo na jekundu la ushahidi wa damu, akamuuliza anataka lipi. Akasema yote mawili.

Kila mtu anaijua hadithi hiyo, ila wachache wanajua ilivyotufikia. Yeye hakuihubiri. Mama yake ndiye aliyeiandika, katika barua kwa Wafransiskani, Oktoba 1941, miezi miwili baada ya mwanawe kufa. Mama alikuwa ameibeba kifuani zaidi ya miaka thelathini. Kama asingechukua kalamu mwezi ule, pale kanisani nisingekuwa na cha kuonyeshwa.

Siku ya 5, Jumamosi. Zduńska Wola, kisha Niepokalanów

Zduńska Wola: nyumba ndogo aliyozaliwa, 8 Januari 1894. Chumba kimoja cha familia na mashine ya kufumia ndani yake. Nusu saa ilinitosha.

Nilitamani kwenda Grodno. Ndiko jarida lilikohamia Oktoba 1922, na kwa miaka mitano ndiko lilikokua. Lakini Grodno sasa iko Belarus, mpaka umebana, na viza yangu ni ya Polandi. Basi nimeipita kwa kusoma garini. Padre mmoja kutoka Marekani alimpa Kolbe dola 100, naye akanunua mashine kuukuu ya kuchapa inayozungushwa kwa mkono. Mabruda waliiita Bibi. Kila nakala ilitaka mzunguko juu ya mzunguko, zamu kwa zamu, na Kolbe mwenye pafu moja zima alishika gurudumu kama wenzake. Bado kuandika, kusahihisha, kukunja, kuandika anwani, kubeba mafurushi hadi posta. Msomaji asiyeweza kulipa alipelekewa bure. Kufikia mwaka 1927 konventi ya Grodno haikuwa na nafasi tena ya karatasi.

Kutoka Warszawa hadi Niepokalanów, nyumba ya watawa aliyoianzisha Kolbe, ni treni ya abiria, kama saa nzima kuelekea magharibi. Kituo chenyewe kinaitwa Teresin Niepokalanów. Nimeshuka usiku. Padre mzee aliyenipokea aliwahi kuishi Kenya. Kabla sijasema lolote alininyang'anya begi: "Karibu sana mama, pole na safari. Umekula?" Nililia palepale kwenye jukwaa la treni. Siku tano zilikuwa zimepita bila kusikia Kiswahili nje ya kichwa changu.

Siku ya 6, Jumapili. Niepokalanów

Misa katika basilika, watu wamejaa hadi mlangoni. Basilika ilijengwa baada ya vita. Kanisa alilolijua Kolbe ni lile dogo la zamani lililo pembeni, na ndani yake mtu anaweza kukaa peke yake.

Padre alinipeleka kwanza kwenye sanamu ya Maria iliyo uwanjani. Mwaka 1927 Kolbe alihitaji ardhi karibu na reli. Mwenye ardhi alikuwa mkabaila mwenye cheo cha prinsi, Jan Drucki-Lubecki. Alikubali kuitoa, ila alidai Misa za nia yake kwa miaka yote, kiasi ambacho Mkuu wa Provinsi aliona hakibebeki. Kolbe alikuwa ameshasimamisha sanamu ya Maria kwenye kiwanja. Akaenda kumwambia mwenye ardhi kwamba wakubwa wamekataa. Akaulizwa, na sanamu je? Akajibu ibaki hapo ilipo. Mwenye ardhi akafikiri, akaitoa ardhi bila masharti. Novemba mwaka huo mabruda walihama kutoka Grodno na mashine zao, wakalala kwenye mabanda ya mbao wakati theluji inaanza.

"Mama, wewe ungeondoa sanamu?" Padre aliniuliza.

Nilimwambia ningeiondoa, kwa hasira. Hakusema neno, tukaendelea kutembea.

Mchana nilimwomba anipeleke makaburini. Nilikuwa na kikaratasi cha njano kwenye ukurasa huo wa kitabu, nilitaka kumwona Alfons. Kaburi lake ni la kawaida kabisa, msalaba na jina, kati ya mabruda wenzake.

Februari 1930 Kolbe aliondoka Polandi na mabruda wanne kwenda Mashariki ya mbali, akamwachia Alfons jarida na nyumba yote. Walipanda meli Marseille, wakapita Port Said na Djibouti, Saigon, Shanghai, na tarehe 24 Aprili wakashuka Nagasaki. Alirejea mara moja mwaka huo huo kwa reli ya Siberia, mwezi Julai, kuhudhuria mkutano mkuu wa provinsi mjini Lwów na kuitetea misheni ya Japani. Kisha akaondoka tena. Ndugu hawa hawakuonana tena. Tarehe 3 Desemba 1930, siku tano kabla ya sikukuu ya Mkingiwa, Alfons alifariki kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Habari za kifo cha mdogo wake zilimfikia Nagasaki kwa telegramu. Barua za kawaida za wakati ule zilizunguka kupitia Siberia, wiki kwa wiki. Nimesimama pale kaburini nikiwaza jambo dogo ambalo mtu anayeshinda na posta analiwaza: telegramu inafika leo, na nyuma yake zipo barua njiani, mwandiko wa mtu aliyekwisha kuzikwa, anauliza bei ya karatasi, anasema mabruda wanakusalimu.

Nimekaa hadi Padre akaja kunifunika shuka la mabegani. Usiku nimejibu barua mbili. Moja ni ya kijana anayetaka kuingia seminari, mama yake hataki. Nimemwandikia kurasa nne.

Siku ya 7, Jumatatu. Niepokalanów

Siku ndefu, na nina mambo mawili ya kuandika.

La kwanza ni makumbusho. Mashine za zamani zipo, chuma kizito cheusi, na nilipoinamia moja niliona pale ambapo mpini umelika kwa kushikwa. Si kutu. Chuma kimekuwa laini na chembamba upande mmoja, kama mpini wa jembe la bibi yangu ulivyokuwa umelika pale kiganja chake kilipokaa. Niliweka kidole. Mlinzi alinitazama akaacha.

Kufikia 1939 nyumba hii ilikuwa na Wafransiskani na vijana walioomba kujiunga nao zaidi ya 700. Walikuwa na umeme wao, karakana zao, kikosi chao cha zimamoto ambacho kipo hadi leo, gari moshi likisogea hadi ghala la karatasi. Desemba 1938 jarida lilichapwa nakala milioni moja. Toka 5,000 na tangazo la kuomba radhi, hadi milioni, karibu miaka kumi na saba. Lakini kwenye barua zake milioni haipo kama ushindi. Yapo majina ya mabruda: huyu apumzike, yule apelekwe kwenye kupanga herufi, huyu mwingine ana huzuni, zungumza naye. Ilikuwapo idara nzima ya kuwajibu wasomaji, na shukrani zao zilichapwa ndani ya jarida. Msomaji wa kijijini aliona mstari wake. Nimeona kwetu mama akikata ukurasa wenye jina lake na kuubandika ukutani karibu na picha ya harusi, kwa hiyo sihitaji kuelezwa kwa nini jarida lile lilikua.

Nagasaki nako alifanya vivyo hivyo. Askofu Hayasaka alimruhusu achape, kwa kubadilishana na kufundisha falsafa seminarini. Mwezi mmoja kamili baada ya kushuka melini, tarehe 24 Mei 1930, ilikuja telegramu Niepokalanów: leo tunatuma jarida la Kijapani, mashine tunayo, asifiwe Mkingiwa. Nakala 10,000, katika lugha ambayo mhariri hakuijua. Mabruda wa Kipolandi walichomoa herufi za Kijapani moja moja kutoka kwenye visanduku kwa kufananisha umbo.

La pili nimelikalia siku nzima, na nimelazimika kumuuliza Padre jioni, tukiwa jikoni na supu ya maharage.

Nilimwambia: Padre, nimesoma vilevile mambo yanayoniuma. Katika miaka ya 1920 jarida hili liliandika vibaya juu ya Wayahudi, na Kolbe mwenyewe katika maandishi yake aliegemea ule waraka wa uongo uliojifanya kuwa siri za wazee wa Kiyahudi, kama wengi wa wakati wake walivyouamini. Mwaka 1935 nyumba hii ikaanzisha gazeti la kila siku, Mały Dziennik, la bei ndogo, likasomwa na watu wengi mno, na mara nyingi lilikuwa na chuki wazi dhidi ya Wayahudi. Wewe unalisemaje hilo kwa wahujaji?

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nalisema. Nisiposema mimi, atasema mwingine bila upendo."

Nilifungua kitabu kwenye kikaratasi chekundu. Ni barua ya mwaka 1935, kutoka Nagasaki, kwa padre aliyehusika na gazeti hilo. Kolbe anamwambia kwamba anapoandika juu ya Wayahudi awe na tahadhari kubwa asije akaamsha au kuzidisha chuki ya wasomaji, ambayo tayari ni kubwa mno. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mhariri yuko mbali, posta inachukua wiki nyingi, na ameona kitu kinachotoka kwenye mashine zake mwenyewe. Anaonya. Onyo ni la kweli. Tena halikutosha, maana gazeti liliendelea, na maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe miaka tisa au kumi nyuma yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye nyumba za watu.

Sitaki kumpunguzia wala kumwongezea. Mwishoni mwa 1939 na mwaka 1940, Wajerumani walipowafukuza watu kutoka eneo la Poznań, nyumba hii iliwapokea maelfu, na miongoni mwao Wayahudi wengi, wakalishwa na kulazwa na mabruda hawa hawa. Hilo ni kweli. Na kurasa zile ni kweli. Mtu anayechapa maneno kwa wingi anapaswa kuziweka mezani zote mbili, na mimi kwa nakala zangu 600 najua kuna toleo moja la miaka ya nyuma ambalo nilipitisha makala yenye dharau kwa majirani zetu Waislamu wa bondeni. Niliiona, nikaona mwandishi ni mzee wa kanisa, nikaiacha. Shehe wao alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa barazani, akanywa uji wangu, akaniuliza kwa upole kama ndivyo ninavyofikiri. Nilichapa kuomba radhi toleo lililofuata, mistari mitano. Makala ilikuwa kurasa mbili.

Padre alinijazia supu tena bila kuuliza.

Siku ya 8, Jumanne. Kurudi Kraków

Nimesali kwa mara ya mwisho katika kanisa dogo. Kibarazani Padre alinipa toleo la mwezi huu la Rycerz Niepokalanej. Linatoka hadi leo, lina rangi. Nilitafuta ukurasa wa barua za wasomaji kwanza.

Kwenye treni nimesoma juu ya toleo lake la mwisho. Wajerumani walimruhusu kuchapa mara moja tu, la Desemba 1940 na Januari 1941, nakala 120,000. Humo aliandika juu ya ukweli, kwamba hakuna mtu duniani awezaye kuubadilisha. Tarehe 17 Februari 1941 walikuja kumchukua.

Barua tatu zimejibiwa tangu asubuhi. Imebaki moja, ile ya Machi.

Siku ya 9, Jumatano. Oświęcim

Sitaandika mengi. Hapa ndipo ilipokuwa kambi ya Auschwitz. Bloku namba 11, chini, chumba namba 18. Unatazama kupitia nondo. Ndani kuna mshumaa mkubwa wa Pasaka ulioachwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1979. Kolbe alipewa namba 16670, akafa kwa sindano ya sumu tarehe 14 Agosti 1941. Franciszek Gajowniczek, ambaye Kolbe alikufa badala yake, aliishi hadi 1995.

Kikundi chetu hakikusema neno hadi kwenye basi.

Siku ya 10, Alhamisi. Kraków, mtaa wa Smoleńsk

Kikaratasi cha mwisho.

Mama yake Kolbe aliishi miaka mingi kwa masista Wafelisiani hapa Kraków, mtaa wa Smoleńsk. Nilitoka kanisa la Wafransiskani, pale jarida lilipoanzia, nikatembea taratibu, na haikunichukua hata dakika kumi. Miaka yote ile ya Grodno, Niepokalanów na Nagasaki, barua zilikuwa zinakuja huku. Kwa mama aliandika tofauti: mafupi, mapole, bila mahesabu.

Barua ya mwisho tuliyonayo ni ya tarehe 15 Juni 1941, kutoka kambini, kwa Kijerumani kwa sababu lugha nyingine ilikatazwa. Anamwambia mama yake kwamba aliletwa kambini mwishoni mwa Mei, kwamba hajambo, asiwe na wasiwasi juu yake wala juu ya afya yake, maana Mungu mwema yuko kila mahali na anawawaza wote kwa upendo. Kisha anamwomba asimwandikie mpaka apokee barua nyingine kutoka kwake, kwa kuwa hajui atakaa pale muda gani.

Mtu aliyekuwa ameunganisha nyumba laki kadhaa kwa posta anamwambia mama yake asiandike.

Mama akasubiri. Alifariki Machi 1946, hapa hapa Kraków.

Nimekaa kwenye kanisa la masista, benchi la nyuma, nikatoa barua ya Machi. Ni ya mjane wa Usa River. Mwanawe alikwenda kufanya kazi nje ya nchi, mwaka wa pili huu hajaandika wala kupiga simu, na anauliza kama jarida linaweza kutangaza jina lake. Nilikuwa nimeiahirisha kwa sababu sikujua la kumjibu. Hata leo sijui. Nimemwandikia kwamba jina tutalitoa toleo lijalo, ukurasa wa kwanza, na kwamba nikirudi nitakuja kwake Jumapili baada ya Misa ya pili, aniandalie picha.

Posta ipo ng'ambo ya barabara, wanafunga saa mbili usiku. Nimenunua stempu saba.